Kati ya Kura na Tangazo: Namna ya Kukabili Hofu ya Uchaguzi wa Urais

Siku yenyewe ya kupiga kura haiwatishi Wakenya wengi. Foleni huanza kabla ya alfajiri, vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, wazee na akina mama wenye watoto wachanga hupishwa mbele, na jioni watu hurudi makwao na wino kidoleni. Roho huanza kudunda usiku ule, vituo vikishafungwa. Kuanzia hapo hadi mwenyekiti wa tume ya uchaguzi amtaje rais, maduka hufungwa mapema, matatu hupungua barabarani, simu hazilali, na jirani uliyemwazima sufuria wiki iliyopita unaanza kumtazama kwa jicho jingine.

Uchaguzi mkuu ujao utafanyika Jumanne, Agosti 10, 2027. Makala haya yanalenga kumsaidia msomaji azipitie siku hizo akiwa na akili iliyotulia na nyumba iliyo salama. Ninayaandika kwa imani moja: hofu hii hunenepa pale ambapo mtu hajui matokeo yanapitia njia gani, yako mikononi mwa nani na sheria imeyapa muda gani. Anayeyajua hayo huenda bado akawa na wasiwasi, lakini hataendeshwa na kila sauti iliyorekodiwa gizani na kutumwa kwa simu.

Hofu yenye historia

Usikubali kuambiwa kwamba unaogopa bure. Kura za Desemba 27, 2007 zilitangazwa siku tatu baadaye: Mwai Kibaki akatajwa mshindi dhidi ya Raila Odinga na kuapishwa Ikulu jioni ya siku hiyo hiyo. Katika wiki zilizofuata watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Reli iling'olewa Kibera. Malori yalikwama Bonde la Ufa, mafuta yakaadimika Uganda na Rwanda, na hata mashariki mwa Kongo watu wasiolijua debe la Kenya wakalipia ugomvi wetu. Ghasia zilipoa tu baada ya mkataba uliosimamiwa na Kofi Annan kutiwa sahihi Februari 28.

Pwani ilikuwa imeonja shubiri hiyo mapema zaidi. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, na familia zenye asili ya bara zikakimbia nyumba walizokuwa wameishi kwa miaka mingi.

Basi mama aliyelala nje na watoto wake mwaka 2008, kisha leo akakosa usingizi kwa kusikia tu vipaza sauti vya kampeni, hana upungufu wowote. Mwili wake unakumbuka. Na mwanawe aliyezaliwa mwaka ule atapiga kura kwa mara ya kwanza 2027. Yeye hakuyaona hayo, ila amekua akiyasikia yakisimuliwa kwa sauti ya chini.

Baada ya maafa yale, tume iliyoongozwa na jaji Johann Kriegler kutoka Afrika Kusini ilichunguza uchaguzi wa 2007 na kukuta hesabu zimevurugika kiasi kwamba haikuwezekana kusema kwa hakika nani alishinda. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la kutisha kuliko yote. Watu waliuana kwa ajili ya jibu ambalo hakuna aliyekuwa na karatasi ya kulithibitisha.

Karatasi inayobandikwa mlangoni

Tangu hapo sheria imebadilika sana, na ni vyema kila mpigakura ajue jinsi gani. Kura za urais huhesabiwa pale pale zilikopigwa, kituoni, mbele ya mawakala wa wagombea na waangalizi. Mwaka 2022 kituo kimoja hakikuruhusiwa kuwa na wapigakura zaidi ya 700, kwa hiyo hesabu yake ni ndogo na mtu mzima anaweza kuifuatilia kwa macho. Hesabu ikiisha, msimamizi wa kituo hujaza Fomu 34A, mawakala hutia sahihi, nakala moja hubandikwa mlangoni mwa kituo, na picha ya fomu hiyo hutumwa kwa tume kwa kifaa cha kielektroniki.

Fomu za vituo hujumlishwa katika eneobunge kwenye Fomu 34B. Kutoka maeneobunge yote 290, pamoja na vituo vya Wakenya walio ng'ambo, hesabu hufika kituo cha kitaifa, ambacho mwaka 2022 kilikuwa ukumbi wa Bomas jijini Nairobi, na mwenyekiti hujaza Fomu 34C. Mwaka 2017, katika kesi iliyofunguliwa na Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo yaliyotangazwa mashinani ni ya mwisho na makao makuu ya tume hayana mamlaka ya kuyabadilisha. Kazi ya Nairobi ni kuhakiki na kujumlisha.

Kwa hiyo ukitaka kuilinda kura yako, rudi kituoni usiku ule au asubuhi yake, soma karatasi iliyo mlangoni na uipige picha. Tume ikiweka picha za fomu kwenye tovuti yake kama ilivyofanya 2022, ambapo zaidi ya fomu 46,000 zilikuwa wazi kwa yeyote mwenye simu, tafuta ya kituo chako uzilinganishe. Zikilingana, una ushahidi wa macho yako mwenyewe kuhusu kituo kimoja, na huo una uzito kuliko maneno ya mtu usiyemjua kuhusu vituo elfu. Zisipolingana, mikononi mwako una jambo zito: lipeleke kwa wakala wa mgombea au kwa kundi la waangalizi, kwa kuwa ndio wanaoweza kulifikisha mahakamani. Kulitupa kwenye kundi la WhatsApp kutawasha moto na kuupoteza ushahidi kwa pamoja.

Kwa nini runinga mbili zinaonyesha washindi wawili

Agosti 2022 tuliliona jambo lililowachanganya watu wazima. Ukifungua kituo kimoja cha runinga, William Ruto anaongoza. Ukibadilisha, Raila Odinga yuko mbele. Vyote viwili vilikuwa vikisoma fomu zile zile kutoka tovuti ile ile. Tofauti ilitokana na mpangilio: kila chumba cha habari kilikuwa na vijana wake wa kuandika takwimu, wakianzia maeneo tofauti. Aliyeanza na ngome ya mmoja alimwona huyo akipaa. Siku zilivyosonga vingine vikapunguza kasi, vingine vikasimama, bila kuwaeleza watazamaji sababu, na ukimya ule ukazaa uvumi mwingi kuliko takwimu zenyewe. Vyombo vya habari vilikosea hapo, na visipojipanga mapema kosa litarudiwa.

Mtazamaji anachopaswa kufanya ni kuangalia pembe ya skrini: ni vituo vingapi vimehesabiwa kati ya vyote, na vya wapi? Mgombea anayeongoza kwa kura milioni moja huku maeneobunge mengi ya mpinzani wake hayajaingizwa, hajashinda chochote bado.

Ndivyo ilivyo hata kwa kura za maoni. Kura kubwa za maoni zilizotolewa wiki za mwisho kabla ya Agosti 2022 zilimweka Odinga mbele, na Ruto ndiye aliyetangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930. Watu waliokuwa wameshaanza kusherehekea walihisi wameibiwa, wakati walichokuwa nacho mkononi kilikuwa makadirio. Soma kura ya maoni ujue upepo unaelekea wapi, lakini usiifanye ahadi.

Kuchelewa kuna maana gani?

Kila uchaguzi, siku ya tatu ikipita bila tangazo, huzuka neno kwamba matokeo yanapikwa. Tuangalie kumbukumbu zetu wenyewe. Mwaka 2017 tulipiga kura Agosti 8 na mshindi akatangazwa Agosti 11. Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikaufuta uchaguzi huo Septemba 1, mara ya kwanza barani Afrika kwa mahakama kubatilisha ushindi wa rais aliye madarakani. Sababu mojawapo ni kwamba tume ilitangaza kabla ya kupokea Fomu 34A zote. Mwaka 2022 tulipiga kura Agosti 9, tangazo likaja Agosti 15, siku sita nzima, makamishna wanne kati ya saba wakajitenga nalo hadharani, na bado majaji wote walikubaliana Septemba 5 kwamba matokeo yasimame.

Uchaguzi uliotangazwa haraka ulifutwa, uliochukua muda ukathibitishwa. Mimi nachukua funzo kwamba saa haimwambii mtu lolote kuhusu haki. Wasimamizi wa maeneobunge husafiri na fomu halisi hadi kituo cha kitaifa, na fomu hizo hulinganishwa moja moja na picha zilizotumwa. Kazi hiyo ikifanywa vizuri huchukua siku.

Na siku hizo zina kikomo. Katiba inampa mwenyekiti siku saba tangu siku ya kura. Kwa 2027 hilo linaishia Agosti 17. Yeyote asiyeridhika ana siku saba baada ya tangazo kufika Mahakama ya Juu, na mahakama ina siku 14 kutoa uamuzi tangu kesi ifunguliwe. Hata tangazo likija siku ya mwisho na kesi ifunguliwe siku ya mwisho, uamuzi hautavuka Septemba 7. Mahakama ikifuta matokeo, uchaguzi mpya hufanyika ndani ya siku 60. Tena mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa na angalau asilimia 25 katika kaunti 24. Akikosekana mtu kama huyo, wawili wa kwanza wanarudi kwa wapigakura ndani ya siku 30. Ziandike tarehe hizi kwenye karatasi na uibandike jikoni. Mtu anayejua kwamba kungoja kuna mwisho hungoja kwa namna nyingine.

Ujumbe unaokuja usiku wa manane

Uvumi wa uchaguzi hufanana kila mwaka. Huja kama sauti ya mtu asiyejitaja, anayesema ana ndugu ndani ya tume au ndani ya jeshi. Huja kama barua yenye nembo ya tume na tarehe iliyokosewa. Huja kama video ya vurugu ambayo kumbe ilipigwa 2008, au haikupigwa Kenya kabisa. Sasa tumeongezewa picha na sauti zinazotengenezwa kwa akili unde, ambazo hata jicho la makini hudanganyika nazo.

Ukipokea kitu cha namna hiyo, jiulize maswali mawili tu: ni fomu ya kituo gani, au ni mahali gani hasa? Na nani mwenye jina lake amethibitisha? Majibu yakikosekana, usiupitishe mbele, hata kama unaamini. Wengi hupitisha kwa nia njema, wakidhani wanawatahadharisha ndugu zao, na ndivyo mtaa mzima hujikuta ukikimbia mtu ambaye hakuwa anakuja. Kumbuka pia kwamba sheria ya utangamano ya mwaka 2008 inamwadhibu anayesambaza chuki ya kikabila kwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Msimamizi wa kundi la familia ana haki ya kulifunga usiku wa matokeo na kulifungua asubuhi. Binafsi ningeomba kila msimamizi afanye hivyo.

Nyumba yako

Kujiandaa hakuhitaji kelele. Wiki mbili kabla, nunua kidogo kidogo unga, mchele, mafuta, maziwa ya mtoto, na ujaze mtungi wa gesi, kiasi cha kukutosha wiki moja au siku kumi. Ukingoja hadi jioni ya mwisho utakuta rafu tupu, na msongamano ule wenyewe unatia watu kiwewe.

Dawa ndizo zinazosahauliwa zaidi na ndizo muhimu zaidi. Mwenye kisukari, shinikizo la damu, kifafa au anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi aende kliniki mapema, Julai, aombe za ziada. Mwaka 2008 wapo waliokatiza matibabu kwa sababu njia ya kwenda hospitali ilikuwa haipitiki. Mama mjamzito aliyekaribia kujifungua ajue kituo cha afya kilicho karibu na nani mwenye gari atakayempeleka, awe na nambari zake mbili tatu.

Weka vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hati ya ardhi na kadi za kliniki za watoto katika mfuko mmoja, na picha zake kwenye simu ya mtu aliye mji mwingine. Weka pesa taslimu kidogo, maana mawakala wa M-Pesa nao hufunga. Kubalianeni nyumbani mtakutana wapi mkipotezana. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Na safari ya mashambani? Kila uchaguzi mabasi hujaa, nauli hupanda, na wapo wanaoondoka Nairobi, Nakuru au Mombasa kabla hata ya kupiga kura. Siwalaumu; mtu aliyechomewa nyumba mara moja ana haki ya kuchagua usalama. Ila kituo chako kikiwa mjini nawe uko kijijini, umeiacha kura yako bila mtu. Lipo suluhisho, nami nitalitaja mwishoni.

Jirani kabla ya siku ile

Katika simulizi za 2008, mara nyingi aliyenusurika katika mtaa mchanganyiko humtaja mtu wa kabila jingine aliyemfungia chumbani mwake, aliyesema uongo mlangoni ili kumwokoa, aliyempitishia chakula uani. Ushirika huo haukuzaliwa usiku wa ghasia. Ulikuwepo tayari, katika kusaidiana misiba na kulindiana watoto.

Basi zungumzeni sasa, wakati hakuna anayekimbia. Katika ploti, wapangaji wakae na mwenye nyumba na mzee wa Nyumba Kumi wakubaliane mambo machache: lango litafungwa saa ngapi, nani ana nambari ya kituo cha polisi, na kwamba hakuna atakayemwonyesha mgeni mlango wa mwenzake. Maimamu na wachungaji waombwe kusema hayo hayo wiki moja kabla. Neno la kiongozi wa dini mtaani huwafikia vijana ambao hotuba ya serikali haiwafikii.

Moyo na usingizi

Wasiwasi wa siku chache ni wa kawaida. Punguza habari: asubuhi mara moja, jioni mara moja, kutoka chombo kimoja au viwili unavyoviamini, na simu isilale kitandani. Fanya kazi ya mikono, tembea, swali, kula kwa wakati. Pombe na miraa za kungojea matokeo huongeza mapigo ya moyo na kupunguza subira, na ugomvi mwingi wa baa siku hizo huanzia hapo.

Watoto husikia zaidi ya tunavyodhani. Mtoto akisikia mezani kwamba watu fulani ni wabaya, kesho atamwambia hivyo mwenzake wa darasani. Mweleze kwamba watu wazima wanachagua kiongozi, kwamba wengine watafurahi na wengine watasikitika, na kwamba nyinyi mko pamoja. Mtu ambaye kukosa usingizi, kulia au kushtuka kunaendelea zaidi ya wiki mbili, au anayeona upya matukio ya 2008 kana kwamba yanatokea leo, aende kituo cha afya na aseme wazi. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya bure, 1199, ambapo mtu anaweza kuzungumza na mshauri.

Na mtu wetu akishindwa?

Hili ndilo swali lililo chini ya hofu yote. Tumefundishwa kuamini kwamba urais ukienda kwa wengine, sisi tumekwisha. Siku ile utapiga kura sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na mwakilishi wadi. Katiba inaagiza kaunti 47 zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, yaliyokaguliwa, awe rais ni nani. Zahanati ya kijijini na shule ya chekechea ziko chini ya gavana uliyemchagua wewe, na gavana huyo unaweza kumdai hesabu.

Tena waangalie wakubwa wenyewe. Uhuru Kenyatta na William Ruto walikuwa pande zinazopingana 2007, wakaungana 2013, 2022 Kenyatta akamuunga mkono Odinga dhidi ya Ruto. Machi 9, 2018, Kenyatta na Odinga walipeana mikono mbele ya Harambee House, miezi michache baada ya watu kuuawa barabarani kwa ajili yao. Machi 2025 Ruto na marehemu Odinga wakatia sahihi makubaliano ya kushirikiana. Wao hupatana. Waliozika watoto Naivasha na Kisumu hawakurudishiwa mtu.

Ndiyo maana naona ni haki yako kuwa na mgombea unayempenda na kumwombea ashinde, lakini si haki yake kukudai jirani yako.

Sasa lile suluhisho nililoliahidi. Ikiwa unajua kwamba Agosti 2027 hutakuwa na amani kupiga kura mahali ulipojiandikisha, nenda ofisi ya tume katika eneobunge unakotaka kuwa, ukiwa na kitambulisho chako halisi, uombe kuhamisha kituo. Thibitisha pia jina lako limo kwenye sajili na nambari haikukosewa. Fanya hivyo mapema, kwa kuwa sajili ikishafungwa hakuna ofisa atakayeweza kukuhamisha.